Sura ya Tatu: Njaa, Tamaa na Kalenda

Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya adhabu za kima cha chini, sheria iliyowafunga mikono mahakimu kabla ya kuwafunga wala rushwa. Aliyepatikana na hatia hakuwa na faini ya kulipa wala karipio la kusikiliza. Alikwenda jela miaka miwili kwa uchache na kuchapwa viboko 24: 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wafanyakazi habari hiyo Mei Mosi ya 1995, pale Mbeya, na kwa ule ucheshi wake wenye miiba akaeleza kwamba vile 12 vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mkewe.

Hotuba ile imekuwa ikirudiwa redioni na kwenye simu kila kashfa mpya inapozuka, na wasikilizaji wengi huondoka na somo moja: zamani watu waliogopa, siku hizi hawaogopi. Silikatai lote. Hofu ina kazi yake. Ila atakayesikiliza kwa makini atajiuliza: kama rushwa ni ugonjwa wa siku hizi, nchi yenye miaka miwili tu ya uhuru ilihitaji viboko vya nini? Na kama viboko viliponya, kwa nini 1971 ikatungwa Sheria ya Kuzuia Rushwa, 1975 kikaundwa kikosi, 1991 kikosi kikageuzwa taasisi, na 2007 taasisi hiyohiyo ikaongezewa jukumu la kupambana juu ya lile la kuzuia? Nchi inayotunga sheria juu ya jambo lilelile karibu kila baada ya miaka kumi haina upungufu wa sheria. Imekosea kitu kingine.

Jaribio zito zaidi la kutafuta chanzo lilifanyika 1996. Benjamin Mkapa, akiwa na miezi michache tu Ikulu, aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba, aliyepata kuwa waziri mkuu. Kabla mwaka haujaisha ripoti ilikuwa mezani. Polisi walikuwamo, mahakama zilikuwamo, hospitali, ardhi na kodi zilikuwamo. Tume iliwagawa wala rushwa mafungu mawili. Wako wa chini, wanaopokea kwa sababu mshahara haufiki tarehe kumi na tano. Wako wa juu, wanaopokea kwa kujilimbikizia, ingawa hawana shida ya unga wala ya ada ya shule. Kwa ufupi: njaa na tamaa.

Mgawanyo huo umetulia vichwani mwetu kiasi kwamba hata mpiga debe wa stendi anaweza kuueleza. Nauheshimu, maana ulisemwa hadharani na watu waliokuwa ndani ya serikali. Lakini hautoshi. Njaa ni ya watu wengi na tamaa ni ya watu wote, ila rushwa ina mahali pake. Mhudumu wa makumbusho ana mshahara mdogo kuliko ofisa wa ardhi, na hakuna anayempelekea bahasha. Mtunza maktaba huenda ana tamaa kama ya waziri, lakini ataiuza kwa nani? Wote wawili hawana kauli ambayo mtu mwingine yuko tayari kuilipia. Sura hii inahusu kauli hiyo: nani anayo, inapanda bei lini, na kwa nini hakuna anayemuuliza mwenye nayo.

Tuanze na njaa, maana ndiyo inayotetewa zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa Tanzania ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kununua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata, bei ya mafuta ikapanda, na karani aliyekuwa akilisha familia kwa mshahara wake akajikuta anafuga kuku uani na mkewe anauza maandazi. Wakati huo hakuna aliyemshangaa tabibu kwa kutofika kazini asubuhi, kwa kuwa kila mtu alijua yuko shambani. Katika hali hiyo kuomba "ya chai" kulianza kuonekana kama sehemu ya malipo ambayo mwajiri ameyasahau.

Basi dawa ni kupandisha mishahara? Tanzania ililijaribu hilo kwa namna ambayo nchi chache zimethubutu. Tarehe 1 Julai 1996 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi ikiwa na mishahara iliyopita mara nyingi ile ya idara za kodi ilizozirithi, na watumishi wengi wa zamani waliodhaniwa kuwa na doa hawakuchukuliwa. Makusanyo yakapanda. Baada ya miaka michache dalili za zamani zikarudi. Mtafiti wa Norway, Odd-Helge Fjeldstad, aliyefuatilia jambo hili kwa miaka mingi, aliona mambo mawili ambayo mpangaji wa mishahara hakuyaweka kwenye hesabu. La kwanza, ofisa aliyepandishiwa mshahara alipandishiwa pia idadi ya ndugu. Mpwa wa kusomeshwa, shangazi wa kulazwa, mchango wa harusi usiokataliwa. Kila shilingi iliyoongezwa ilikuwa na mtu aliyekwisha kuisikia. La pili, waliofukuzwa hawakwenda kulima. Walifungua ofisi mjini za kuwashauri wafanyabiashara mambo ya kodi, wakiwajua kwa majina wenzao waliobaki ndani. Mamlaka iliwalipa vizuri walioko ndani, na soko likawalipa vizuri wanaojua mlango wa nyuma.

Nisieleweke vibaya. Mshahara usiotosha unaharibu kazi, na anayemlipa hakimu wa mwanzo senti za kubahatisha asishangae hukumu za kubahatisha. Ninachosema ni kwamba mshahara unaamua bei ya rushwa zaidi kuliko unavyoamua kama itakuwapo.

Sasa chukua sukari.

Kijana wa leo haamini, lakini kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na 1984, sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula na khanga vilikuwa vitu vya kuhongea. Bidhaa zilipitia kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika kwa bei iliyopangwa na serikali, na bei hiyo ilikuwa chini mno ya ile ambayo watu walikuwa tayari kulipa. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ilikuwa mali. Mwenye kibali cha mifuko ya sukari hakuhitaji duka: aliuza kibali. Meneja wa ghala alikuwa mtu wa kualikwa kila harusi. Foleni ilipangwa alfajiri mbele, na mzigo ukatokea nyuma.

Mwaka 1983 Edward Sokoine, waziri mkuu asiyetiliwa shaka juu ya uadilifu wake, aliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, sheria maalumu ikatungwa, na usiku watu walitupa bidhaa vichakani ili zisikutwe majumbani mwao. Wananchi walishangilia, nami nikisoma habari za kipindi kile naelewa kwa nini. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na hadi leo anatajwa kama kiongozi ambaye angeitibu nchi. Lakini maduka hayakujaa kwa msako. Yalikuwa matupu kabla yake na yakazidi kuwa matupu baada yake, maana mlanguzi aliyekamatwa hakuacha kiwanda cha sabuni nyuma yake.

Kilichoua rushwa ya sabuni ni bajeti ya 1984. Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Mitumba ikaingia, sabuni ikaingia, na chini ya Rais Mwinyi milango ikafunguka zaidi. Baada ya miaka michache kibali cha sukari cha dukani hakikuwa na mnunuzi. Mameneja wa maghala hawakuokoka wala kutubu. Walikuwa watu walewale, wenye njaa ileile na tamaa ileile, ila kauli yao haikuwa na bei tena. Leo mtu anaweza kuhonga ili apate kiwanja, zabuni, leseni au hukumu; hakuna anayehonga ili apate kipande cha sabuni.

Kauli yenye bei ilihama tu. Uchumi ulipofunguliwa, mali ya haraka haikuwa tena kwenye mgao wa sukari. Ilikuwa kwenye viwanda vya umma vinavyouzwa, misamaha ya kodi, vitalu, ardhi ya mjini na mikataba ya huduma. Na wakati huohuo wa kuhama, ukuta mmoja ulibomolewa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewawekea viongozi miiko: wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe wakurugenzi wa kampuni binafsi, wasipokee mishahara miwili, wasipangishe nyumba. Watu walizunguka mbuyu, ndiyo, nyumba zikaandikwa majina ya watoto na ndugu. Lakini aliyezunguka alijua anazunguka, na jirani pia alijua. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliilegeza miiko hiyo. Kuanzia hapo waziri anayetoa leseni aliweza kihalali kuwa na hisa katika biashara inayoomba leseni.

Kenya ilikuwa imefika huko miaka 20 kabla. Tume ya Duncan Ndegwa ya 1971 iliruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara, kwa hoja iliyoonekana ya busara wakati ule: kwamba Waafrika walioelimika walikuwa wachache, na kuwazuia ni kuwaachia wengine uchumi. Katibu mkuu akawa na duka la jumla, mkuu wa wilaya akawa na malori, na malori yalihitaji vibali ambavyo mkuu wa wilaya ndiye aliyevitoa. Majirani wawili walianza na sera zinazopingana, mmoja akiwakataza viongozi biashara na mwingine akiwafungulia, na mwishoni mwa karne wakakutana mahali pamoja. Ndiyo maana sina subira na hoja kwamba rushwa ni ya ujamaa, wala ile kwamba ni ya ubepari.

Kabla hatujapanda juu tena, tusimame kidogo barabarani, maana huko ndiko wengi wetu tunakoshiriki.

Daladala imesimamishwa. Tairi la nyuma limekwisha kabisa, limebaki kama kisigino cha kandambili. Faini ya kisheria kwa kosa moja ni shilingi 30,000, na inakuja na karatasi, namba ya malipo na muda unaopotea. Jioni hesabu ya tajiri inamsubiri dereva, nayo haipungui kwa sababu ya tairi. Kwa hiyo leseni inatoka mfukoni ikiwa imekunjwa na noti ndani yake, elfu mbili au elfu tano kulingana na siku, leseni inarudi nyepesi, na gari linaondoka. Muda wote huo ni kama dakika mbili. Kondakta ameiweka pembeni noti hiyo tangu asubuhi, na tajiri anaijua: imo kwenye matumizi ya siku kama ilivyomo dizeli.

Tazama waliopata. Dereva ameokoa si chini ya elfu 25. Askari ana nauli ya kurudi nyumbani na zaidi. Tajiri ameokoa bei ya tairi. Abiria nao wameshukuru kwamba hawakucheleweshwa, na mara nyingi ni wao wanaopiga kelele, "Mpe chake twende!" Hazina ya serikali imekosa 30,000, lakini haikuwapo pale kulalamika. Tairi ndilo limebaki vilevile, na juu yake wamekaa watu thelathini. Dereva ana njaa kidogo na askari ana tamaa kidogo, lakini biashara imewezekana kwa sababu askari mmoja, peke yake, ana uamuzi wa kuandika au kutoandika, na wote waliouona uamuzi huo wamefaidika nao. Malipo ya serikali yalipohamishiwa kwenye namba za kumbukumbu na simu, fedha taslimu zikapungua madirishani, na huko ndiko hongo ndogo ilikopungua pia. Barabarani bado kuna mkono kwa mkono.

Msomi wa Marekani Robert Klitgaard aliandika 1988 kwamba rushwa inamea pale mtu mmoja anapohodhi jambo, ana hiari ya kuliamua apendavyo, na hawajibiki kwa yeyote. Ni fomula inayofundishwa kila semina, na mimi naikubali. Inachokosa ni wakati. Hiari ya mtu mmoja haina bei ileile mwaka mzima. Ukiziweka kashfa kubwa za Tanzania na Kenya kwenye kalenda badala ya kuziweka kwenye orodha ya majina, zinajipanga kwa nyakati mbili: wakati wa dharura na wakati wa uchaguzi.

Dharura kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvua zilikuwa haba, mabwawa ya Mtera na Kidatu yakashuka, na mgawo wa umeme ukasimamisha viwanda vya Dar es Salaam. Serikali iliyo gizani haina muda wa kushindanisha wazabuni. Mei 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, ulisainiwa mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL ya kufua megawati 100 kwa mafuta mazito pale Tegeta, wakati mpango wa gesi ya Songo Songo, uliotarajiwa kutoa umeme wa bei nafuu zaidi, ulikuwa tayari unaandaliwa. Shirika la umeme la taifa, TANESCO, lilijifunga kulipia uwezo wa mitambo kila mwezi, iwashwe isiwashwe. Mtambo wa dharura ya miaka ya mwanzo ya tisini ulianza kuuza umeme 2002. Mvua zilikuwa zimekwisha kurudi zamani. Ankara ndizo zilizobaki.

Mwaka 2006 ukame ukarudi, na hadithi ikarudiwa karibu neno kwa neno. Kampuni iitwayo Richmond ilipewa kazi ya kuleta mitambo mingine ya megawati 100 kwa haraka. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuta kampuni isiyokuwa na uwezo wa kazi hiyo na taratibu zilizorukwa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akikana kuhusika, pamoja na mawaziri wawili. Baraza zima likavunjwa. Halafu mgogoro wa IPTL nao, ambao haukuwahi kulala, ukazaa akaunti ya Escrow katika Benki Kuu, ambamo malipo yaliyobishaniwa yaliwekwa tangu 2006. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka humo 2013. Novemba 2014 Bunge lilikesha likijadili ripoti ya kamati ya Zitto Kabwe, mwanasheria mkuu wa serikali akaachia ngazi mwezi uliofuata, wahisani wakazuia fedha za bajeti, na maneno "hela ya mboga" yakaingia kwenye utani wa vijiweni baada ya waziri mmoja kuyatumia kueleza alivyotumia shilingi milioni kumi.

Kwa nini umeme, mara zote? Kwa sababu giza linampa mwenye kalamu kitu ambacho hakipati siku za kawaida: ruhusa ya umma ya kuruka taratibu. Anayeuliza maswali wakati wa mgawo anaitwa adui wa maendeleo. Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga wa pwani, na huu ni udhia wa taifa zima. Wakati wa njaa ni mahindi ya msaada, wakati wa vita ni silaha, wakati wa maradhi ya mlipuko ni vifaa vya hospitali. Kila mahali duniani mkataba wa dharura ni mkataba usiosomwa.

Wakati wa pili ni uchaguzi. Kenya ilikwenda kwenye uchaguzi wa vyama vingi Desemba 1992, chama tawala, KANU, kikihisi kwa mara ya kwanza kwamba kinaweza kushindwa. Kuanzia 1991 kampuni ya Goldenberg International ilikuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa kusafirisha dhahabu na almasi, katika nchi yenye dhahabu kidogo na isiyo na machimbo ya almasi. Mwaka wa uchaguzi fedha zilimwagika vijijini, na noti ya shilingi 500 ikapewa na wananchi jina la Jirongo, kwa heshima ya kiongozi wa kundi la vijana wa KANU waliokuwa wakiigawa. Bei zikapaa. Mkulima wa Nyeri aliyepokea noti moja ya Jirongo aliirudisha kwenye unga na mafuta ya taa ndani ya miezi michache.

Tanzania ina mwaka wake, 2005. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, EPA, na kulipwa makampuni 22 kwa nyaraka zisizostahili. Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba 2005. Madai kwamba sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye kampeni yalikanushwa na chama tawala na hayakuthibitishwa mahakamani, kwa hiyo nayaacha hapo. Hata bila madai hayo, mgombea wa nchi hii alihitaji fedha nyingi, na sheria ilimruhusu kuzitumia kwa namna ambayo wengine wangeifungia watu jela. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya 2000 yalihalalisha takrima: pilau, khanga, soda na "asante" za mgombea kwa wapiga kura zilihesabiwa kuwa ukarimu wa jadi. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima kwa kuwa inavunja katiba, na 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Pilau haikusikia hukumu hiyo.

Hapa ndipo rushwa ya chini na ya juu zinaposhikana mikono. Aliyetumia milioni mia kupata kiti hawezi kuzirudisha kwa mshahara wa ubunge bila kukopa, na mfadhili aliyemkopesha hakufanya sadaka. Mpiga kura aliyekula pilau naye amekwisha kupokea huduma yake yote ya miaka mitano kwa siku moja. Atadai nini tena? Abiria anayepiga kelele "mpe chake twende" na mpiga kura anayengoja bahasha si watu wabaya. Wamejifunza kwamba serikali ni kitu kinachotoa mara moja, kwa anayekuwa karibu, na mkono mtupu haulambwi. Mtoto wa kijiji akiteuliwa mkurugenzi tunafanya sherehe kwa sababu tumepata, na akistaafu na nyumba ileile ya tofali za kuchoma tunamcheka hadi kaburini. Jamii inayomcheka mstaafu maskini imeweka bei yake mezani.

Mtoaji mkubwa, kwa upande wake, mara nyingi hana jasho wala lugha yetu. Rada ya kijeshi na ya usafiri wa anga ambayo Tanzania iliinunua Uingereza kwa takriban pauni milioni 28 ilipitishwa 2001, wakati waziri wa misaada wa Uingereza mwenyewe, Clare Short, akiipinga. Kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ililipa takriban dola milioni 12 kwa wakala wa hapa nchini. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, ikapigwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5, zilizonunua vitabu na madawati. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kutoa rushwa, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa kuipokea.

Na anayeona? Goldenberg haikufichuliwa na mkaguzi wala na polisi. David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya, kwenye dawati lililopitisha madai ya wasafirishaji. Karatasi zilimshangaza: kiasi kikubwa mno, nyaraka pungufu, kasi isiyo ya kawaida. Aliuliza wakubwa wake, akaambiwa apitishe. Mwaka 1993 aliwapelekea nakala wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na ingawa kesi haikufika popote, kazi hakurudishiwa. Alikimbilia Mombasa, akaishi kwa vibarua. Mwaka 2003 serikali mpya iliunda tume ya Jaji Samuel Bosire, na Munyakei akapewa tuzo na mikono ya kupongezwa. Hakupewa ajira. Alifariki 2006, maskini, mwaka uleule ripoti ya tume ilipotoka. Hakuna kigogo wa Goldenberg aliyemaliza kifungo kwa kosa hilo. Karani mwingine wa dawati lile, akiona karatasi za namna ile kesho, atafanya hesabu gani?

Sheria ya Tanzania ya 2007 inajibu kwa njia yake. Askari wa daladala anaingia chini ya kifungu cha 15, ambacho kinamhusu anayetoa na anayepokea, kwa kifungo cha miaka mitatu hadi mitano au faini isiyozidi shilingi milioni moja. Kesi hiyo TAKUKURU, ile taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, imeruhusiwa kuipeleka mahakamani yenyewe. Makosa mengine ya sheria hiyo, yakiwamo ya matumizi mabaya ya madaraka na kujitajirisha isivyo halali, sheria ilipoandikwa yaliwekewa sharti la ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Noti ya elfu tano ina njia fupi ya kwenda kizimbani kuliko mkataba wa mabilioni, na hilo limeandikwa kwenye sheria, halikutokea kwa bahati mbaya.

Uchaguzi unajulikana utafanyika mwaka gani. Ukame haujulikani tarehe, ila haujawahi kukaa mbali sana. Kwa hiyo, msomaji, ombi langu ni la kabla ya hapo: mwulize mbunge wako leo, umeme ukiwa unawaka, kama mikataba ya dharura inawekwa mezani Bungeni kabla ya kusainiwa au baada, na nani aliyelipia kampeni yake. Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, tayari umepata jibu.